Mguu wa Mtunza Stoo

Saa tisa kamili alasiri Mama Pasi alizima mashine ya kukaushia, akavua aproni, akaikunja mara nne, akapiga magoti juu yake. Madobi wengine wanne wa hospitali walifanya vivyo hivyo, kila mmoja pale alipokuwa, mmoja kati ya mafurushi ya mashuka machafu, mwingine chini ya meza ya pasi kwa sababu hapo ndipo palikuwa pakavu. Mama Pasi alianzisha Rozari ya Huruma. Yeye alisema nusu ya sala, wao wakaitikia nusu iliyobaki. Kwenye kumi la kwanza la rozari miale miwili ikatoka kwenye picha ya Yesu wa Huruma iliyotundikwa juu ya swichi, mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Ikashuka hadi kimo cha kiuno, ikapita mlangoni, ikakata kushoto kwenye korido, ikaingia stoo na kutua kwenye mguu wa mtunza stoo.

Ilikuwa ikifanya hivyo tangu Kwaresima. Wauguzi waliinama na sinia zao wakapita chini yake. Mfagiaji aliusifu mwale mweupe kwa kukausha sakafu, akaulalamikia mwekundu kwa kuonyesha vumbi. Ofisi ya utawala ilibandika tangazo kuwaomba wafanyakazi wasianike soksi kwenye miale saa za kazi. Mwanika soksi alijulikana: ni Bi Kimya, dobi wa mashuka ya wodi ya wazazi, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata siku moja tangu aajiriwe.

Mama Pasi hakuwa na ugomvi na miale. Mungu ana nyumba yake na anajua taa zake anaziwashaje. Kilichomkera ni ule mguu.

"Duniani kuna miguu mingapi?" alimwuliza Bi Kimya. "Hata ya mbuzi ningekubali. Lakini ule, jamani!"

Alikuwa na haki ya kukereka. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni mama alipofariki, alikuwa akisukuma mikokoteni ya nguo pale pale hospitalini. Siku moja mtunza stoo alimwambia apeleke mkokoteni wa mashuka mapya getini, kuna gari linangoja. Akaupeleka. Mkubwa wako wa kazi akikutuma, unaanza kumhoji? Gari likaondoka na mashuka mia moja na themanini yenye muhuri wa hospitali. Uchunguzi ulipofika, mtunza stoo akasema hakumtuma mtu, gari halijui, na kwamba alikuwa akimshuku kijana huyo siku nyingi. Mdogo mtu akawekwa mahabusu.

Sasa alikuwa na miezi kumi na moja humo. Kesi ilikuwa imeahirishwa mara saba kwa sababu shahidi mkuu, yaani huyo huyo mtunza stoo, alikuwa na kidonda mguuni na hakuweza kupanda ngazi za mahakama. Daktari aliandika hivyo, na hakudanganya. Kidonda kilikuwa na miaka sita na kilinuka.

Mama Pasi alisali kila siku. Misa ya alfajiri, Malaika wa Bwana saa sita, Huruma saa tisa, rozari jioni, na kati ya shuka na shuka "Yesu, nakutumainia" kwa pumzi moja na mvuke wa pasi. Aliomba kitu kimoja tu, mdogo wake atoke. Hakuomba cheo wala nyumba ya ghorofa. Halafu miale ikatoka na kwenda kwa adui.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua, ndiyo maana lilimuuma zaidi. Kila Jumamosi jumuiya yao ilikutana nyumba kwa nyumba. Ukitaka kumpiga mtu kijembe kwenye jumuiya, subiri wakati wa maombi, maana hapo hajibu. Unafumba macho, unasema, "Tuwaombee wanaoazima masufuria wakasahau kwao ni wapi," jumuiya nzima inaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na mwenye sufuria yako anaitikia pia, jicho moja wazi. Kila mtu alifanya hivyo. Lakini walifanya kwa adabu, kwa kuzunguka, bila kumtaja mtu.

Jumamosi moja ya Kwaresima mtunza stoo aliketi mbele ya Mama Pasi, mguu juu ya kigoda, anapepewa na mkewe. Ile hali ya kupepewa ndiyo iliyomtoa Mama Pasi kwenye reli. Alifumba macho, akapaza sauti. "Tumwombee kaka yetu mtunza stoo. Bwana, mtazame kwa huruma yako kuu, usimwache hata siku moja. Wewe mwenyewe unajua kwa nini." Watu wawili walikohoa. Kisha wote wakaitikia, na mtunza stoo akaitikia kuwashinda wote.

Jumatatu, saa tisa, miale ikaanza.

"Ina maana Mungu hajui kijembe?" Mama Pasi alilalamika.

"Anakijua sana," alisema Bi Kimya. "Ila wewe ulimtaja mtu. Sisi huwa hatutaji. Mimi mume wangu namwombea mwaka wa tisa huu bila kumtaja, na yuko vile vile."

Mama Pasi alijaribu kurekebisha. Aliigeuza picha ikatazama ukuta. Miale ikatokea mgongoni mwa fremu, ikanukia kadibodi kidogo, ikaenda stoo. Aliihamishia dirishani, ikaelekea upande wa gereza alikokuwa mdogo wake. Miale ikatoka nje, ikazunguka tangi la maji, ikaingia stoo kwa dirisha la nyuma. Siku nyingine alisimama koridoni na picha ndogo ya mdogo wake, ile ya kitambulisho cha kazi, akaishika katikati ya njia. Miale ikagawanyika, ikapita huku na huku, ikakutana tena mbele. Alisimama hivyo hadi sala ikaisha, mkono ukafa ganzi.

Kufikia Pasaka kidonda kilikuwa kimekauka. Kufikia Pentekoste mtunza stoo alikuja chumba cha kufulia amepandisha suruali hadi gotini.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada."

"Milele amina."

"Hebu tazama."

Alitazama. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hata kovu halikuwepo.

"Usiache kusali, dada yangu."

"Ngazi utapanda sasa?"

"Hata za mnara wa kengele."

Hapo Mama Pasi akaona haya. Alijiambia, kumbe wewe mwanamke huna akili, Mungu anaponya mguu ili mguu upande ngazi, nawe umekaa miezi unanung'unika. Akaenda kanisani kuomba msamaha, na huko akamkuta mtunza stoo kwenye foleni ya kitubio. Mtu huyo alikaa ndani dakika arobaini. Waliokuwa nyuma yake walianza kutazamana, na bibi mmoja akaenda nyumbani kuzima jiko akarudi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso umeng'aa.

Mama Pasi alimngoja padre mlangoni. "Padre, amesema?"

"Nani?"

"Unamjua."

Padre aliitazama kanzu yake kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hospitali wana sabuni inayotoa madoa ya mishumaa. Mama Pasi akaelewa kwamba hatapata zaidi ya hapo. Akamwambia atumie karatasi na pasi ya moto.

Jumanne ya hukumu Mama Pasi alivaa kitambaa cheupe kichwani. Mtunza stoo alipanda ngazi za mahakama mbili mbili. Akaapa, akaulizwa, akajibu. Hakumtuma mtu. Gari hakulijua. Alikuwa akimshuku kijana siku nyingi. Hakubadilisha hata neno, na sauti ilikuwa nzuri zaidi kuliko mwanzo kwa sababu hakuwa na maumivu. Hakimu alimpa kijana miaka miwili. Mdogo mtu alimtafuta dada yake kwa macho kati ya watu, akainua mkono hadi pingu zilipomruhusu.

Mama Pasi alimkamata mtunza stoo chini ya ngazi.

"Wewe si umeungama?"

"Nimeungama, dada."

"Ukalia. Watu tumekuona."

"Nililia, na nililia kweli. Siku hizi nalala usingizi ambao sijaulala miaka. Mimi na Mungu tumeshamalizana."

"Na mdogo wangu?"

Mtunza stoo alifikiri. Alifikiri kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomtia Mama Pasi wazimu. "Huyo ni suala la mahakama," alisema. "Nikisema mimi, naingia mimi. Nina watoto wanne."

"Padre hakukwambia uje useme?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Namwomba Mungu anipe nguvu. Bado hajanipa."

Mama Pasi alimgeuzia mgongo. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, na kitambaa cheupe amekifinyanga mkononi kama tambara la deki.

Kesho yake, Jumatano, saa tisa ilifika na hakuzima mashine. Madobi walipiga magoti wakangoja. Miale ikatoka kwenye picha urefu wa kiganja, ikasimama hapo hapo, nayo ikangoja.

"Anzisha basi," alisema Bi Kimya.

"Anzisha wewe."

Bi Kimya alianzisha, akamaliza, na miale haikusogea. Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Mtunza stoo akaonekana anachechemea. Ijumaa akaja ameegemea mpini wa ufagio, na suruali ina alama ya majimaji.

"Dada, umenisahau."

"Nikusahau wewe? Ngazi za mahakama zipo pale pale. Kapande ukaseme kweli. Nitakusalia mpaka magoti yatoboke."

Mtunza stoo aliuegemea ufagio kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka. Madobi wote waliacha kazi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe Bi Kimya alinyamaza. Ilionekana kabisa kwamba neno lilikuwa limefika kooni kwa yule bwana. Kisha akalimeza.

"Kidonda nimekaa nacho miaka sita," alisema. "Nimekizoea." Akarudi stoo, ufagio ukigonga sakafu.

Mama Pasi aliisahau pasi juu ya shuka la chumba cha upasuaji. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuunguza kitu.

Jumapili alienda gerezani. Mdogo wake alikuwa upande wa pili wa wavu, amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa. Hakuuliza habari za rufaa.

"Dada, ulikuwa unaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Tangu Jumatano. Saa tisa tunatolewa uani kuhesabiwa, tunachuchumaa mistari mistari. Hapo ndipo huwa nakuitikia. Siku za upepo nakusikia kwa taabu, lakini nakusikia, hasa kwenye kumi la tatu unapovuta pumzi. Jumatano nimengoja, kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa nikasema, dada yangu kalazwa."

Ndipo Mama Pasi akamweleza. Hakumficha kitu. Alimweleza miale inakoenda kila siku, mguu uliopona, kitubio cha dakika arobaini, na namna alivyogoma. Mdogo wake alisikiliza amekunja uso, kama anapiga hesabu ngumu.

"Kwa hiyo inafika," alisema.

"Inafika kwa nani!" Mama Pasi alifoka mpaka askari akageuka. "Inafika kwake! Anakula, analala, ngozi kama ya mtoto! Na wewe uko humu! Nasali mimi, anapona yeye, unafungwa wewe! Hii ni haki gani?"

"Si haki, dada."

"Sasa unataka niendelee?"

"Mimi niko humu miaka miwili," alisema mdogo wake. Alishika wavu kwa vidole vyote. "Ukinyamaza, nitamwitikia nani?"

Kengele ya kumaliza muda ikapigwa. Alisimama, akavuta kaptura yake iliyokuwa kubwa, akaenda.

Jumatatu saa tisa Mama Pasi alizima mashine kwa kofi. Alikunja aproni, akapiga magoti, na kabla ya ishara ya msalaba akamwambia Mungu kwamba hajaridhika, na asije akadhani mtu akipiga magoti basi amekubali. Kisha akasema, "Yesu, nakutumainia," kwa sauti ile anayoitumia kwa fundi cherehani aliyekaa na kitambaa chake mwaka mzima.

Akaanzisha. Miale iliondoka pale ilipokuwa ikingoja, ikapita mlangoni, ikakata kushoto. Kutoka stoo kilisikika kiti kikivutwa karibu na mlango, na mtu akishusha pumzi ya nafuu. Mama Pasi alisikia vyote. Nje upepo ulikuwa unavuma, kwa hiyo akapaza sauti kuliko kawaida. Alisema nusu yake. Madobi wakaitikia nusu yao, wakangoja aendelee, naye hakuendelea.

"Mbona unakawia?" Bi Kimya alinong'ona. "Tumeshaitikia wote."

"Tulia," alisema Mama Pasi. "Kuna mmoja hajamaliza."