Mama Alipoacha Kukomunika

Mdogo wangu ni padre. Nyumbani tulimwita Bichwa tangu anatambaa, kwa sababu kila kofia aliyoshonewa na Mama ilimbana. Alipopewa upadre Mama akapiga marufuku jina hilo. Akawa anamwita Padre, tena kwa heshima zote, hata pale alipokuwa anamgombeza.

"Padre, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini, na mashavu yameingia ndani hivyo? Hebu kaa hapo."

Mama alikuwa mjane na fundi cherehani, na kazi nilijifunza kwake. Tulishona sare za shule barazani kwetu. Yeye alikata vitambaa na kutia kola, mimi nilipinda mapindo na kushona vifungo. Kola hakuniachia hata uzeeni. Alisema kola ikikaa upande, mtoto mzima anaonekana amekaa upande.

Askofu alimleta Bichwa parokiani kwetu kushika nafasi ya paroko aliyekwenda masomoni. Mama alitembea na furaha hiyo kama mtu aliyebeba yai. Haikudumu. Katikati ya Kwaresima kitinda mimba wetu, msichana aliyekuwa bado anaishi nasi, alipatwa na homa ya uti wa mgongo. Mama alisali novena na kufunga. Bichwa alimpaka mdogo wake mafuta matakatifu kwa mikono yake mwenyewe. Binti akafa. Tulimzika, na Pasaka ikaja, tukaimba aleluya kwa midomo tu.

Dominika baada ya Pasaka husomwa Injili ya Tomaso, yule mtume aliyesema hatasadiki mpaka aone makovu ya misumari. Bichwa alipanda kwenye mimbari macho yakiwa mekundu. Kwa kawaida alihubiri kama anayezungumza na watu mezani. Siku hiyo alipaza sauti mpaka spika zikakwaruza.

"Mnaomba, mkinyimwa mnasema Mungu hanipendi! Kumtilia Mungu shaka ni kumwita mwongo. Na mtu anayemwita Baba yake mwongo, anakujaje kula mezani pake? Abaki kwenye benchi lake mpaka atubu!"

Watu waliinamisha vichwa. Mzee mmoja aliitikia amina peke yake, akaona aibu, akakohoa.

Ulipofika wakati wa komunyo niliinuka, nikamsubiri Mama aniongoze kama kawaida yake. Hakuinuka. Alisogeza magoti pembeni ili tulioketi naye tupate njia. Nilidhani miguu inamsumbua. Lakini Dominika iliyofuata alisogeza magoti tena, na iliyofuata tena.

Mama wa padre asipokomunika, parokia nzima inajua kabla misa haijaisha. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alikuja barazani akajifanya ameleta sketi ya kupunguza.

"Mama Padre, tuambie tu," alisema. "Umeolewa kwa siri? Maana watu wanaouliza wamenichosha. Kama kuna bwana, mlete tumwone, tuwafungishe ndoa kanisani, mambo yaishe."

"Nimeolewa na hii cherehani," Mama akamjibu. "Ina kelele, lakini hailewi."

Walicheka wote wawili. Yule mama alipoondoka, Mama alirudi kwenye kola yake. Niliona ameishona ndani nje.

"Mama, kuna nini?" nikamuuliza.

Alifumua uzi polepole. Alisema tangu kitinda mimba wake afe, akisali anahisi anaongea na ukuta. Alisema, "Naambiwa Mungu ananipenda. Nasikia kama naambiwa habari za mtu wa mji mwingine. Na Padre amesema mwenye hali hiyo abaki kwenye benchi. Nami nimebaki."

"Si ukaungame tu, yaishe?"

"Kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Parokia ilikuwa na padre mmoja tu, mwanawe.

"Nimemnyonyesha kwa maziwa yangu," alisema, "kisha nikampigie magoti, nimwambie huyo Mungu uliyempa maisha yako yote, mama yako hamwoni? Nitakuwa nimemuua."

Nilimkumbusha kwamba kuna padre mzee wa parokia jirani. Mama akaguna.

"Yule? Hasikii hata kengele ya kanisa lake. Nitubu kwa kupaza sauti, mpaka wauza mkaa wazijue dhambi zangu?" Kisha akanishika mkono. "Usimwambie mdogo wako. Umenisikia?"

Nikaitikia.

Mvua zilipoisha miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari akasema ni moyo. Alihama kutoka kwenye cherehani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi kitandani, na Bichwa akawa anatuletea Ekaristi nyumbani kila alipowazungukia wagonjwa. Mara ya kwanza Mama alimwambia, "Aa, Padre, samahani, nimetoka kunywa chai sasa hivi."

"Mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga kabla ya komunyo, Mama."

"Basi siku nyingine. Leo sijajiandaa."

Kila alipokuja alipewa sababu mpya. Mara tumbo, mara usingizi, mara alikuwa na hasira na mimi na hajanisamehe, wakati mimi nilikuwa nimekaa pale pale namkanda miguu. Bichwa hakubishana. Alimbariki, akatoka, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Asubuhi moja Mama alipumua kwa shida hadi midomo ikabadilika rangi. Nilimpigia simu Bichwa, akaja mbio. Mama alipotulia kidogo, mdogo wangu alinifuata jikoni. Alisimama karibu na sufuria kama mtoto anayesubiri kuadhibiwa.

"Dada, nimemkosea nini Mama?"

"Hujamkosea."

"Ananikimbia. Anakimbia kile nilichobeba. Anakufa, dada, na hataki kupokea kutoka mkononi mwangu. Kama unajua kitu, niambie."

Nilikuwa nimeahidi. Nilikoroga uji ambao hakuna aliyekuwa anautaka, kisha nikamwambia. Nilimweleza habari za ukuta, za benchi, na maneno aliyoyasema siku ile ya Tomaso. Nilimwambia kwamba mama yake alimtii.

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikaa hivyo mpaka uji ukaungua chini.

Alipoingia chumbani hakuvaa stola yake ya kipadre shingoni. Alivua viatu, akapanda kitandani upande wa ukutani, mahali alipokuwa analala utotoni akiwa na homa.

"Mama," alisema, "yale mahubiri ya Tomaso, unayakumbuka?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Nikatazama sakafu.

"Nayakumbuka."

"Nilikuwa najihubiria mwenyewe. Nilimpaka mdogo wangu mafuta, akafa mikononi mwangu. Nikarudi parokiani, nikafungua kitabu cha sala, sikusikia kitu. Hata sasa kuna siku sisikii. Nikaona nikipiga kelele sana, huenda nitaiamini sauti yangu."

Mama akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ungelia."

"Kwani sikulia? Ningekuchemshia chai, tukalia pamoja." Alivuta pumzi. "Wewe una mashaka, na bado unasoma misa?"

"Nasoma misa kwa sababu nina mashaka. Nikingoja yaishe nitakufa na njaa. Mama, kuumia moyoni ukasema humwoni Mungu, hiyo si dhambi ya kukutoa mezani. Uliendelea kuja kanisani. Uliendelea kusali kwenye huo ukuta. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

"Kwa hiyo ningeweza kupokea?"

"Ndiyo, Mama."

"Muda wote huu?"

Bichwa aliinamisha kichwa chake kikubwa begani kwa Mama, naye akamshika kisogo.

"Usilie, Bichwa," alisema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu siku ya upadrisho. "Nenda kaniletee. Nenda sasa hivi."

Kutoka kwetu kanisa linaonekana, ni kuvuka uwanja wa shule na barabara moja. Alitoka bila kufunga kamba za viatu. Mimi nikaandaa meza ndogo kando ya kitanda kama inavyotakiwa, nikatandika kipande cha kitambaa cheupe cha mashati, nikawasha mshumaa na kuweka glasi ya maji. Mama alitaka nimwoshe uso na kumfunga kitambaa kichwani.

"Kisikae upande," alisema.

"Hakijakaa upande."

"Amefika wapi?"

"Sasa hivi atakuwa anafungua tabernakulo, anatoa Ekaristi."

"Nikisinzia uniamshe."

Alisinzia. Nilimwamsha, akafungua macho. Alisinzia tena, nikamwita, nikamtikisa bega, nikamwita kwa nguvu. Pumzi moja ilitoka ndefu, nami nikaisubiri nyingine.

Dirishani nilimwona Bichwa anavuka uwanja, mkono mmoja umeshika kifua mahali palipokuwa na kichombo cha Ekaristi. Walimu walimsalimu, hakujibu, kwa maana anayembeba Bwana hasimami njiani kusalimiana. Alikuwa anatembea haraka, na uso wake ulikuwa na furaha. Ile furaha niliiona kabla yeye hajaiona sura yangu. Ndiyo inayonifanya niandike haya.

Aliingia, akamtazama Mama, akanitazama mimi. Akaweka kichombo juu ya kitambaa cheupe, akapiga magoti. Alisali sala za marehemu mpaka mwisho. Baadaye akaniuliza, "Utapokea wewe?"

"Bichwa, leo sijui kama Mungu ananipenda."

"Hata mimi leo sijui," alisema. "Njoo."

Aliimega hostia ile ya Mama vipande viwili, kimoja changu, kimoja chake. Haikuwa na ladha yoyote. Ilinigandia kwenye kaakaa, nikaimeza pamoja na machozi.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Mwenyekiti wa jumuiya alikaa nami mbele, amenishika kiuno. Bichwa alisimama mimbarini.

"Mama yangu alikufa akisubiri Ekaristi," alisema. "Aliisubiri kwa sababu mimi nilimfundisha vibaya, hapa hapa nilipo. Kama kuna mwingine aliyebaki kwenye benchi kwa ajili ya maneno yangu yale, namwomba msamaha. Mungu alimpenda mama yangu siku zote alizokaa pale. Nawaambia hivi, na mimi mwenyewe sijaona makovu."

Alitaka kuendelea, ikashindikana. Akarudi kwenye kiti chake, akaketi. Sikuweza kujua kama nimeamini alichosema. Lakini alikisema kwa sauti ndogo, mpaka watu wa nyuma walilazimika kuinama mbele ili wamsikie.