Cherehani Iliyohamia kwa Shemeji

Siku ile mjinga alikuwa Fundi mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia kuubeba ujinga wake, kama ambavyo hakuna aliyemsaidia kuibeba cherehani. Aliihamisha asubuhi kwa safari mbili: kichwa cha mashine begani, kisha meza na miguu ya chuma mgongoni, huku akipiga mbinja.

Wazo lilikuwa la Mwenyekiti wa kamati ya mradi, kaka wa mkewe. Wageni wa shirika linalosaidia kijiji walikuwa wanakuja kuchagua nyumba za kuezekwa bati, na paa la Fundi lilivuja hata kwa umande.

"Shemeji, wakikuta cherehani watasema wewe tajiri," Mwenyekiti alimwambia. "Ilete kwangu ipumzike siku moja. Na hilo shati mbona zima hivyo? Fundi wa nguo, hata kuchana hujui?"

Fundi akacheka, akachukua mkasi, akalichana shati begani. Alichana kwa kufuata mshono, ili kesho alishone lisiache alama.

Mkewe alikuwa akikunja vitambaa vya sare za shule vilivyokwisha kukatwa.

"Kaka yangu namjua. Tulikula sahani moja."

"Ndiyo maana namwamini."

"Na mimi ndiyo maana nilikuwa nakula haraka."

Wageni wakaja na magari mawili. Kwa Fundi hawakukaa: walitazama paa, chumba kitupu, shati. Mama mmoja mwenye kofia pana akatikisa kichwa, akaandika. Fundi moyoni akaanza kuhesabu misumari ya bati. Kisha msafara ukaelekea kwa Mwenyekiti, naye akafuata nyuma.

Barazani, cherehani ilikuwa imetandikwa kitambaa cha maua. Mke wa Mwenyekiti ameketi mbele yake, amevaa gauni jipya. Fundi aliitambua pedali aliyoifunga kwa kipande cha tairi, akadhani, maskini, imetolewa nje ipunge upepo.

"Hii ndiyo cherehani tuliyoinunua kwa fedha za msaada wenu," Mwenyekiti akasema, mkalimani akitafsiri. "Huyu mama sasa anajitegemea."

Mke wa Mwenyekiti akakanyaga pedali. Gurudumu likazunguka kinyumenyume, uzi ukakatika. Fundi, mikono ikiwa imeitangulia akili, akapiga goti, akalamba uzi, akautunga sindanoni, akaliweka gurudumu sawa. Mshono ukatoka umenyooka kama mstari wa rula.

"Mnaona?" Mwenyekiti akadakia. "Ameshaanza kumfundisha hadi jirani yake fukara!"

Makofi yakalia. Mama wa kofia akampiga picha Fundi akiwa bado amepiga goti, kisha akabandika nembo ya shirika ubavuni mwa cherehani, akaibonyeza kwa kidole gumba ishike vizuri.

Fundi akamvuta shemejiye nyuma ya nyumba.

"Naibeba sasa hivi."

"Uibebe uipeleke wapi? Imeshapigwa picha, ina nembo. Mwakani wakirudi wakute nini, kitambaa cha maua?"

"Shule inafunguliwa Jumatatu! Sare za watu nitazishona kwa kucha?"

"Njoo ushonee hapa. Mke wangu atakupangia zamu."

"Mke wako hajui hata kutunga uzi!"

"Si ndiyo maana nakuita?"

"Na bati langu?"

"Wamesema umalize kwanza kujifunza kushona."

Fundi akazunguka nyumba mbio, shati likipepea begani, akayakuta magari yameshawashwa. Akapiga kioo. Mama wa kofia akakishusha, akatabasamu, maana alimkumbuka yule mwanafunzi hodari. Mkalimani akasogea. Mke wa Fundi naye alikuwa amefika, kitambaa cha sare bado mkononi, akimtazama mumewe kwa macho yanayosema: haya, leo sema.

"Ile cherehani..." Fundi akaanza.

Mkono ukatua begani pake, palepale penye mpasuko. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu meno yote.

"Waambie, shemeji," akasema taratibu. "Ila anza na mkasi uliochana hili shati."