Dada Fulani

Mama mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi hamtaji mtu jina. Thubutu! Yeye ni mstaarabu. Husema "dada fulani", kisha humweleza huyo fulani, nyumba yake, tumbo lake na kitanda chake, mpaka hata mgeni aliyeingia kanisani jana anamjua. Nasi huitikia "Amina" kila sentensi. Ndio utaratibu wetu: kiongozi anaomba, wengine wanaitikia, na hakuna kuinuka magotini mpaka yeye afunge.

Dada fulani ni mdogo wangu wa damu. Alizaa bila ndoa, wazee wa kanisa wakamtenga. Haruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana, Jumapili anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mtoto wake habatizwi. Alichokitaka yeye ni kimoja tu: mtoto abatizwe. Wazee wakasema mama mwenyekiti aje amwone nyumbani, kisha awaambie kama ametubu kweli. Neno lake ndilo lingeamua.

Jamani, yeye kati ya watu wote! Baba wa mtoto ni mwanawe wa kumzaa, mpiga gita wa kwaya. Mdogo wangu aliniambia siri hiyo akiwa bado kitandani kwa uzazi, akanibana niape kwamba sitafungua mdomo. "Aseme mwenyewe, dada," aliniambia. Aseme! Yule alijikausha kama hayumo. Joho lake la kwaya nilimshonea mimi, na kila nilipolipiga pasi nilitamani kuliunguza.

Basi kikundi kizima kikaja kwangu, maana mdogo wangu anaishi nami. Sebule yangu ndiyo karakana yangu ya ushonaji, kwa hiyo nilisukuma cherehani ukutani, nikafagia vipande vya vitambaa, nikatandika mkeka. Kijana wake naye akaja na gita lake, akakaa karibu na mlango, macho chini. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia, ananyonyesha.

Tukaimba, tukapiga magoti. Mama mwenyekiti yeye huomba amesimama.

"Bwana, tunamleta dada fulani, aliyeuchafua mwili wake!"

"Amina!"

"Aliyewatega vijana wa watu!"

"Amina!"

Mimi sikuitikia. Vijana wa watu! Mwanawe alikuja kugonga mlango huu huu kwa miguu yake, hakubebwa.

"Kila dhambi iliyofichwa, Bwana, uifichue leo!"

"Amina!"

Nikafungua mdomo nimwage yote, kiapo na kiende zake. Pazia likavutwa. Mdogo wangu akatoka na mtoto begani, akapiga magoti katikati ya mkeka.

"Baba," akasema taratibu, "nilitenda dhambi. Mimi, si mtu mwingine. Nilikuomba msamaha nikiwa peke yangu, nawe ukanisamehe, wala sina shaka. Leo namwombea baba wa mtoto huyu. Anaogopa. Usimhukumu kwa woga wake. Akiimba, pokea wimbo wake."

Hakuna aliyeitikia. Gita likawekwa sakafuni, nyuzi zikalia. Kijana akaja, akapiga magoti kando yake.

"Inuka," mama yake akamnong'oneza kwa ukali, amemshika ukosi wa shati. "Unajiaibisha bure."

"Ni wangu, mama."

Na alichofanya mdogo wangu ndicho kilichoniudhi kuliko yote: akasogea, akampisha kwenye mkeka. Si angemwacha kwenye saruji!

Mama mwenyekiti akabaki amesimama, sisi wote chini tunamsubiri, kila mtu anajifanya kufumba macho.

"Funga maombi, mama," nikamwambia. "Au maneno yamekwisha? Ya mdogo wangu mbona yalikuwa hayaishi?"

"Bwana," akaanza, "tunamleta kijana fulani..." Akajaribu tena. "Kijana fulani..." Akapiga magoti pale pale karibu na cherehani.

"Mwanangu, Bwana," akasema. "Mwanangu, na huyu ni mjukuu wangu. Nilijua tangu alipozaliwa."

Nilimwangalia nisiamini. Tangu alipozaliwa! Jumapili zote zile, na benchi lile la nyuma!

"Amina," mdogo wangu akaitikia, peke yake, akamnyooshea bibi mtoto ampokee. Mimi ilinichukua muda kuitikia.