Tone la Mtarakwa

Baba yake Nyokabi alizikwa Nyandarua, Machi 2006, ndani ya jeneza la mbao ya mtarakwa alilolichonga mwenyewe. Nyokabi hakwenda. Pasi yake ilikuwa bado imekwama uhamiaji, na siku ya mazishi alikuwa zamu ng'ambo, katika makao ya wazee ya Harborne, akitandika vitanda vya wazee anaowatunza. Hakulia. Wiki tatu zikapita bila chozi, akaanza kujiogopa.

Jumamosi asubuhi akapanda basi hadi mtaa wa Sparkhill kwa Fosia, Msomali aliyelelewa Garissa, muuza mafuta ya manukato.

"Dada, una mtarakwa?"

"Ninao. Huo huchanganywa na waridi, harufu isiruke upesi. Lakini wenyewe mtupu? Hakuna anayeuulizia."

Akampaka tone kwenye kifundo cha mkono. Nyokabi akanusa. Ilikuwa yenyewe kabisa: maranda ya mbao, koti la baba. Akaitambua kama anavyotambua namba ya basi lake, ikaishia hapo.

"Siyo?" Fosia akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Mbona uso umekauka hivyo?"

"Sijui, dada."

Akaenda kazini. Mchana alikuwa akimlisha uji Mzee Baldev, Singasinga ambaye hakuwa ametamka neno tangu Krismasi. Kijiko kilipokaribia mdomo, mzee akamshika mkono, akauvuta puani.

"Mtarakwa," akasema.

Nyokabi akateremsha kijiko. Mwaka mzima amemwogesha, hakujua mzee ana Kiswahili.

"Mimi napasua hii mbao Elburgon, miaka kumi na tisa. Wewe natoa wapi?"

"Dukani, mzee. Baba yangu alikuwa seremala."

"Sasa yeye iko wapi?"

"Amekufa."

Nyokabi alikuwa amemwambia msimamizi kwa Kiingereza, ili ampangie zamu. Kwa Kiswahili neno hilo lilikuwa halijamtoka.

"Pole, mama," mzee akasema, na machozi yakamtiririka hadi ndevuni. Nyokabi akamfuta kwa kitambaa. Yake hayakuja. Akamlisha mpaka bakuli likaisha, akaliosha, akatoka ukumbini kumpigia mama yake simu.

"Mama, niambie mazishi yalikuwaje."

"Ulikuwa hutaki kusikia."

"Niambie tu. Nani walibeba jeneza?"

Mama akaanza kuwataja mmoja mmoja, na jinsi mvua ilivyowakuta njiani wakateleza. Nyokabi akaketi sakafuni, akasikiliza.