Kadi Nne za Mgonjwa Mmoja

Mdogo wangu alifariki Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Siku hiyohiyo programu aliyoiandikia zahanati yetu ilianza kuwakana wagonjwa.

Mimi ni karani wa masijala pale. Niliporudi baada ya wiki mbili, foleni ilikuwa imefika nje. Nikaandika namba ya mzee wa kwanza. Skrini ikajibu: Hajasajiliwa. Nikaandika tena, taratibu. Hajasajiliwa.

"Nimesajiliwa hapa kabla hujavunja ungo, mwanangu," mzee akasema. "Au leo hata mashine imegoma?"

Foleni nzima ikacheka. Nikamsajili upya, kama wenzangu walivyofanya tangu Jumatatu ile. Nilipofungua orodha nikakuta ana kadi nne: namba moja, jina moja, tarehe ya kuzaliwa moja. Daktari alikuwa anaiona ile mpya tu, tupu, bila dawa zake za presha.

Matroni akaniita. "Pole tena, dada. Msiba mzito, najua. Lakini Ijumaa programu hii inaondolewa. Tunarudi kwenye mafaili."

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa niitengeneze."

"Kwani wewe fundi?"

"Hapana."

"Haya sasa."

Mdogo wangu hakuacha mtoto. Aliacha programu ile, kazi ya miezi saba, na Ijumaa hiyo ilikuwa inafutwa.

Nikamwomba mwenzake wa kazini, yule tunayemwita Miwani ingawa siku hizi havai. Akaja Jumatano saa ya chakula, na Alhamisi akarudi. Aliunda kadi mbili za majaribio zenye namba ileile, akaiuliza mashine kama ni sawa. Ikajibu ndiyo. Akaiweka moja kwenye orodha, akaitafuta kwa kutumia ya pili. Hajasajiliwa.

"Inanitania hii!" Akapiga meza, chai ikamwagika. "Ni sawa, halafu si sawa! Dada yako aliandika nini humu?"

"Mdogo wangu."

"Mdogo wako, samahani. Kanuni ya usawa kaiandika vizuri kabisa: namba zikilingana, kadi ni ya mtu mmoja. Sijui inataka nini tena."

"Zamani ilikuwa inawapata watu. Polepole, lakini inawapata."

"Zamani ilipitia kadi zote moja moja. Jumamosi ya mwisho akabadilisha, akazigawa kwenye droo ili iende haraka."

Nimefanya kazi ya masijala miaka kumi na tisa. "Droo inachaguliwaje?" nikamuuliza.

"Mashine inajua yenyewe."

"Inajuaje? Mimi naangalia tarakimu mbili za mwisho. Faili linaloishia na 41 linakwenda droo ya 41, liwe limewekwa na mimi au na mtu mwingine. Yenyewe inaangalia nini?"

Miwani akageukia skrini. Akapandisha maandishi, akayashusha, akayapandisha tena.

"Hakuandika," akasema. "Jamani! Kanuni ya droo hakuiandika. Basi mashine inatumia ile iliyokuja nayo: kila kadi inayoundwa inapewa droo yake, hata maandishi yakiwa yaleyale. Inatafuta kwenye droo tupu. Haifiki hata kwenye kulinganisha. Mistari mitatu, dada! Mistari mitatu imenitoa kijasho siku mbili!"

Akaiandika: droo ichaguliwe kwa namba ya mgonjwa. Akajaribu. Amesajiliwa.

Miwani akacheka peke yake. Mimi nilikasirika. Mdogo wangu alikuwa akinisubiri masijala kila nilipochelewa kutoka, akinisaidia kurudisha mafaili; droo zangu alizijua kuliko matroni. Nilitaka kumuuliza ilikuwaje asahau hilo, yeye hasa, nimgombeze kidogo, naye anitolee ulimi kama kawaida yake. Nikachukua kitambaa nikafuta chai ya Miwani.

Ijumaa matroni akaja mwenyewe dirishani, akaandika namba za wagonjwa sita. Wote walipatikana, pamoja na yule mzee.

"Haya, ibaki," akasema. "Ila zile kadi za ziada mziunganishe. Na nataka mtu wa kumpigia."

Miwani akamwandikia namba yake ya simu. Matroni akaibandika kando ya skrini, juu ya ile ya mdogo wangu.

Programu ikikwama sasa, tunampigia Miwani.