Kicheko cha Muuzaji wa Magari

Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita, na mke alikuwa bado hajakisamehe kile kicheko.

Alikuwa dereva wa lori la kokoto, mwaka wa kumi na nne huo. Mumewe alikuwa mwalimu wa historia, na injini aliijua kwa kuisikia ikinguruma tu. Walikwenda kuchagua gari la viti saba kwa sababu moja: mama mkwe hakuweza tena kutembea, na nyumba yao ilikuwa juu ya kilima ambacho teksi zilikataa kukipanda. Yalikuwepo mawili ya umbo moja, la petroli la lita moja na nusu na la dizeli la lita mbili na nusu.

"Hili la injini ndogo lina turbo ya kuliongezea nguvu, kaka," muuzaji akamwambia mume. "Mafuta linanusa tu."

"Likiwa na watu saba mlimani linavuta vipi?" mke akauliza.

Muuzaji akamgeukia mume. "Shemeji ataipenda rangi yake."

"Nimeuliza habari ya nguvu. Tulijaze watu, tulipeleke kwenye kilima chetu."

"Shemeji, hili si lori!" Muuzaji akacheka. Na mume, mwanamume mzima anayejua mkewe anakula kwa usukani, naye akacheka. Wanaume hao wakaenda kulijaribu wawili tu, kwenye lami tambarare, wakarudi wameshachagua hilo la injini ndogo. Mke akajikaza kisabuni.

Jumapili hiyo, siku ya kumi na mbili, wakawa wanamrudisha mama mkwe kutoka matembezini, watu saba ndani, mume kwenye usukani. Katikati ya kilima gari likapunguza mwendo, likasimama. Mume akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, taa nyekundu ikawaka, na gari likaanza kurudi nyuma hadi alipovuta breki ya mkono.

"Shukeni kidogo," akasema.

Watoto watatu wakashuka na shangazi yao, wakaanza kupanda kwa miguu. Mke naye akashuka. Mume akajaribu tena, lakini gia zilikuwa zimeshachemka.

"Labda na Mama..." akaanza.

Hapo mke akamtolea uvivu. "Labda na Mama nini? Atambae? Gari hili ulilinunua kwa ajili ya nani?"

Hakungoja jibu. Akateremka mbiombio mpaka kituo cha mafuta alikoliegesha lori lake, akapanda nalo, akalisimamisha ubavuni mwa gari jipya.

"Mbebe," akamwambia mumewe.

Mume akamwinua mama yake kutoka kwenye kiti cha ngozi, akamweka kwenye kiti cha lori chenye vumbi la kokoto. Kisha akashika mlango naye apande.

"Wewe baki na turbo yako," mke akasema, akaondoa lori.

Wakapanda taratibu kwa gia ya kwanza.

"Ulimwambia?" mama mkwe akauliza.

"Nilimwambia, Mama. Akacheka na muuzaji."

Mama mkwe akamtazama mwanawe kwenye kioo cha pembeni, amesimama peke yake na boneti wazi.

"Kesho tunakwenda na gari hilo kwa huyo muuzaji, apande badala ya shangazi, tuwe saba kwenye kilima hiki," akasema. "Usukani utaushika wewe, mwanangu. Yeye na mume wako watakaa nyuma. Mimi nitakaa mbele, nigeuke niwatazame wakicheka."