Hodi ya Tatu

Chibalonza alinunua tiketi mbili ili aingie katika nyumba alimokwisha kulala wiki kumi na moja, tena akilipwa. Mlangoni alionyesha cheti cha chanjo, akasajili jina kwa simu kama kila mtu, kisha akapandisha barakoa hadi chini ya macho. Siku hiyo barakoa ilimfaa, maana hakutaka kutambuliwa.

Nyumba yenyewe iko juu ya kilima, mbele kidogo ya Minto, pembezoni mwa Sydney, na ukoo ulioijenga bado unaishi humo. Babu yao wa kwanza alipewa cheo cha Sir, na tangu siku hiyo wajukuu hawajaishiwa maneno. Jumamosi moja kila mwezi huwafungulia watu sebule, maktaba na chumba cha kulia, wakajionee vijiko.

Sydney ilipofungwa kwa korona Julai ile, Bibi Winifred, mkubwa wa ukoo huo, mwenye miaka tisini na mmoja na macho yaliyokwisha nuru, alibaki humo peke yake. Mjukuu wake na mkewe walikuwa wamekwama Melbourne, mipaka imefungwa. Kampuni ya kutunza wazee ikamtuma Chibalonza, na kwa kuwa watu wa Merrylands, alikokaa yeye, walikuwa wamebanwa wasitoke mtaani kwao, ikamwambia alale hukohuko. Alimwogesha bibi, akamlisha, akamsomea barua za zamani kwa Kiingereza chake cha kujikongoja, wakacheka wote wawili. Oktoba, mji ulipofunguliwa, alimwambia, "Naenda kumwona mama yangu. Jumatatu nitarudi."

Jioni ileile kampuni ilimbadilishia zamu: kuanzia kesho, kwa mteja mwingine huko Parramatta. Na kanuni yao ilikuwa kali. Mteja akishatoka mikononi mwako, humpigii simu wala humtembelei. Ukikaidi, kazi huna. Jumatatu sita zikapita. Kila mojawapo ilimchoma Chibalonza rohoni, akimfikiria yule mzee amekaa kitandani akisikiliza mlango. Alitaka kujua jambo moja tu, kama bibi anaamini kwamba alimtupa. Kanuni haikusema lolote kuhusu kununua tiketi.

Kosa lake lilikuwa kumleta mama yake. Mama alitoka Bukavu, Kongo, na adabu zake zote, na hakuacha hata moja njiani. Alikuja na kikapu cha unga wa muhogo na mananasi mawili, kwa sababu haendi kwa watu mikono mitupu. Miriam, yule mke wa mjukuu, aliyekwisha rudi kutoka Melbourne, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni. Alimwomba kwa upole akiache kikapu pale mlangoni penye miavuli. Mama alikiacha, akanuna.

"Benyewe bako wapi?" aliuliza sebuleni, akiwatafuta wenye nyumba kwa macho.

"Mama, hii ni tour. Tunaangalia vitu."

"Bitu ndiyo bitatusalimia?"

Kwenye chumba cha kulia aliuliza tena, na kwenye maktaba akauliza kwa sauti zaidi. Miriam alikuwa akieleza habari za sahani zilizotoka Uingereza kwa meli, na wageni wanane wakiitikia kwa vichwa. Chibalonza hakusikia sahani hata moja. Sahani zile alikuwa amezifuta vumbi mwenyewe.

Kisha wakafika kwenye ujia uliozibwa kwa kamba nyekundu. "Huko ni kwetu," Miriam alisema akishusha sauti. "Bibi yetu anapumzika. Siku hizi hasemi. Tangu tulipokuja hajatamka maneno kumi."

Chibalonza aliutazama mlango wa tatu kushoto, wa chumba cha bibi. Wageni waligeuka kuelekea ngazi. Mama yake hakugeuka.

"Hodi!" aliita.

Watu wote wakasimama. Miriam akarudi haraka. "Samahani, mama, hapa haturuhusu—"

"Hodi!"

Chibalonza alimshika mkono. "Mama, please. Watanifukuza kazi."

"Mimi siwezi zunguka mu nyumba ya bantu sawa mwizi, sijabaambia hata jambo. Hodi ni tatu. Ya tatu bakinyamaza, tunaenda."

"Usiite tena. Nakuomba."

Mama alimtazama, akafunga mdomo. Nyuma ya mlango ule hakuna kilichotikisika, na Miriam alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuwaonyesha ngazi. Chibalonza aliwaza zamu zake za Parramatta, akawaza kodi ya nyumba. Akaona haya, haya ya kweli, kwamba mama yake ameita mara mbili na yeye aliyeahidi hajaita hata mara moja. Akashusha barakoa.

"Hodi, bibi," alisema.

"Karibu!"

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa tatu, nyembamba lakini wazi. Miriam aliganda, mkono bado uko hewani. Hakujua ni lugha gani ile. Chibalonza alijua, maana alimfundisha bibi neno hilo mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwa kuwa hakuweza kuingia kwa mtu mzima ambaye hajamkaribisha.

"Ni wewe?" bibi aliuliza sasa kwa Kiingereza. "Leo Jumatatu?"

Machozi yalimshuka Chibalonza mbele ya wageni wote wanane. Ilikuwa Jumamosi, saa tano na robo. Miriam alimtazama usoni, kisha akainama, akaifungua kamba.

"Ndiyo, bibi," Chibalonza alijibu. "Ni Jumatatu."

Mama yake alikuwa amekwisha rudi mlangoni kuchukua kikapu.